Nani alimwalika panya kisiwani?

Kuku wa nyanya yako kule Nyamache anajua jambo moja ambalo ndege wengi wa visiwani hawalijui. Kutolijua kumewaua kwa mamilioni, na mkono wetu sisi binadamu umo.

Fanya hivi. Ukirudi ushago Nyamache Desemba hii, asubuhi moja achana na simu. Toa kiti nje, kaa uani, umwangalie kuku mwenye vifaranga. Ukungu unapoinuka kutoka mashamba ya majani chai na jua kuanza kugonga migomba, yeye huwa keshaanza kazi. Anaparura, anadonoa, anaita. Vifaranga wanamfuata kama watoto wa chekechea wakivuka barabara.

Ghafla anatoa sauti nyingine. Si ile ya kuitia chakula. Ni fupi na kali. Kabla hujainua kichwa, uwanja umebaki mtupu: huyu kaingia chini ya bawa la mama, yule kajificha kwenye majani makavu ya mgomba, mwingine yuko chini ya ghala. Ndipo unapokiona kivuli cha mwewe kikipita.

Hakuna aliyewapeleka vifaranga hao shuleni. Kuku na mwewe wamejuana vizazi na vizazi. Kuna siku mwewe anashinda, na nyanya atalalamika mpaka jioni. Kuna usiku kicheche anapenya kwenye kibanda, na asubuhi ni manyoya matupu. Lakini kuku hawajaisha Nyamache. Kila adui anapokuja, kuna mlio, kuna mahali pa kukimbilia, na kuna nyanya mwenye fimbo na tenga la kuwafunikia wadogo.

Hebu shika picha hiyo, kisha tusafiri. Tunaenda kwa ndege ambao hawana mlio wa panya wala mahali pa kumkimbia paka. Wana bahari tu.

Ukuta wa maji

Buabua ni ndege mwembamba wa bahari, mweupe, mwenye mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu. Yuko mmoja ambaye kifua chake hupata rangi hafifu ya waridi wakati wa kuzaa. Huyu hutaga kwenye visiwa vidogo vya pwani yetu: kule Kiunga katika kaunti ya Lamu, pale Whale Island karibu na Watamu, na kwenye kisiwa cha Kisite kusini mwa Shimoni, Kwale. Anakuja katikati ya mwaka, kundi zima kwa pamoja, na mwaka unaofuata kundi linaweza kuhamia kisiwa kingine kabisa.

Sasa uliza: kiota chake kikoje? Jibu litakushangaza. Hana kiota cha maana. Anataga yai moja au mawili chini, juu ya mwamba au changarawe, basi. Ukimwambia nyanya yako kuna ndege anayetaga wazi namna hiyo, bila kibanda, bila tenga, atakuuliza kama ndege huyo ana akili timamu.

Anazo. Ni kwamba ulinzi wake ni wa aina nyingine. Yeye hakutafuta mti wala pango, alitafuta maji. Kisiwa kilichozungukwa na bahari hakifikiwi na kicheche, nguchiro, paka wala panya. Kwa maelfu ya miaka, ukuta huo wa maji ulitosha. Na ndege ambaye hajawahi kumwona panya hana sababu ya kumwogopa. Si mjinga. Hakuna mzazi wake aliyewahi kuliwa na panya akaishi kusimulia.

Adui wenye kadi ya uanachama

Usinielewe vibaya. Visiwa si peponi. Shakwe huiba mayai ya buabua. Kaa hukokota vifaranga. Kipanga hupita na kuondoka na mmoja. Hao ni kama mwewe wa Nyamache: wanajulikana na wamezoeleka, na wanakula bila kumaliza.

Mfano mzuri hauko mbali na Kisii. Ziwa Victoria lina visiwa vya Musambwa upande wa Uganda, miamba mitatu midogo karibu na ghuba ya Sango. Pale ndipo penye koloni kubwa kuliko zote barani Afrika la shakwe wa kichwa cha kijivu. Ni ndege wa maji baridi, lakini maisha yake ni yale yale ya kisiwani: kundi kubwa, mayai chini, maji pande zote. Na visiwa hivyo vina nyoka wengi! Nyoka wanakula mayai, wavuvi wanaishi na nyoka kwa heshima ya mila, na ndege bado wamejaa.

Tishio kubwa pale halikuwa nyoka. Lilikuwa mkono wa mtu mwenye ndoo, anayeokota mayai. Visiwa hivyo viliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2006, na wavuvi wenyewe wakashirikiana na shirika la NatureUganda kuwalinda ndege hao.

Kwa hiyo shida si kwamba kuna mwindaji. Shida huanza pale mwindaji mgeni anapovushwa maji na kuteremshwa mahali ambapo hakuna anayemjua. Nani anamvusha? Ndege hajui kujenga mashua. Panya pia hajui.

Waliajiriwa kazi, wakageuka wezi

Zipo hadithi tatu za kweli zinazofanana kiasi kwamba utadhani ni moja.

Ya kwanza ni ya kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Cape Town kuelekea barafu ya kusini. Panya wadogo wa nyumbani walikuwa wamefika huko na meli za wawindaji wa sili karne ya 19. Mwaka 1949 kituo cha hali ya hewa cha kisiwa hicho kililetewa paka watano wawakamate panya hao. Watano tu. Paka wakagundua kwamba kumfukuza panya ni jasho, ilhali ndege wa bahari wanalala kwenye mashimo ardhini kama chakula kilichokwisha pakuliwa. Kufikia mwaka 1977 paka walikuwa karibu 3,400, na makadirio yalikuwa kwamba wanaua ndege wapatao 450,000 kila mwaka. Ilichukua miaka mingi ya ugonjwa uliosambazwa kwa makusudi, bunduki na mitego mpaka paka wa mwisho akaondolewa mwaka 1991.

Unadhani hadithi imeisha? Wale panya waliokuwa sababu ya kuletwa kwa paka walibaki. Kisiwa kilipozidi kupata joto, wakaongezeka. Siku hizi usiku wanampanda albatrosi, ndege mkubwa ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita tatu, na kumguguna akiwa hai. Yeye anakaa tu juu ya kiota chake. Hakimbii, hapigani. Hajui kinachompata ni nini. Mnyama anayetoshea kwenye kiganja chako anamuua ndege anayeweza kuvuka bahari nzima.

Hadithi ya pili ni ya Ushelisheli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bundi waliletwa kutoka Afrika Kusini ili wapunguze panya. Visiwa hivyo vina buabua mweupe kabisa ambaye hutaga yai moja juu ya tawi tupu, bila kijiti hata kimoja cha kulizuia lisianguke. Ndege mweupe, kwenye tawi, gizani. Ungekuwa bundi ungefanya nini? Baadaye serikali ikaanza kumlipa yeyote aliyeua bundi.

Ya tatu ni ya kwetu. Miaka ya 1890, Zanzibar ililetewa kunguru kutoka Bara Hindi wasaidie kusafisha taka mjini. Walisafisha, ni kweli. Kisha wakasambaa pwani nzima, na kufikia mwaka 1947 walikuwa wameonekana Mombasa. Leo watu wa pwani wanamwita kurabu. Unamjua: mwembamba, mweusi, shingo ya kijivu, macho ya kuhesabu. Anaingia kwenye viota vya ndege wengine, anakula mayai, anakula makinda, anakufukuzia vifaranga wa kuku nyumbani, na kwenye mkahawa anaiba chapati mezani ukimwangalia.

Paka, bundi, kurabu. Mara tatu mtu aliona tatizo dogo, akaajiri mfanyakazi, akapata mwizi. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ila hapa tuliojidunga ni sisi, na anayetoka damu ni ndege.

Panya, mbolea na samaki

Panya yeye hakuajiriwa. Alijificha tu. Aliingia kwenye magunia ya nafaka, kwenye kamba za meli, kwenye jahazi, akateremka kila bandari. Inakadiriwa kwamba panya wamefika kwenye zaidi ya asilimia 80 ya makundi ya visiwa duniani.

Hapo unaweza kusema, "Sawa, ni huzuni, lakini mimi nakaa Umoja, nina kodi ya kulipa. Ndege wa kisiwani wananihusu nini?"

Swali la haki. Turudi Nyamache kidogo. Nyanya anapofagia kibanda cha kuku, anaipeleka wapi ile samadi? Kwenye migomba, si ndio? Na mgomba wa karibu na kibanda ndio huwa mnene kuliko yote. Kuku anakula huku na kule, anarudi kulala, na anachoacha usiku kinalisha shamba.

Ndege wa bahari hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiwango cha kutisha. Anakula samaki mbali baharini, anarudi kisiwani, na kinyesi chake kinarutubisha ardhi. Mvua inanyesha, rutuba inateremka hadi kwenye matumbawe, na samaki wa pale wanashiba.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo yao kutoka visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Walilinganisha visiwa sita vyenye panya na sita visivyo na panya. Pasipo na panya, ndege wa bahari walikuwa wengi mara 760 kwa eneo lile lile. Na kwenye matumbawe ya jirani, uzito wa samaki wote ulikuwa karibu nusu zaidi kuliko penye panya. Samaki! Panya hajui hata kuogelea na matumbawe kwa starehe, lakini kwa kula mayai nchi kavu aliwapunguza samaki majini.

Mvuvi wa Shimoni au Kiunga anaelewa hesabu hiyo haraka kuliko mimi na wewe. Ndege akiondoka, haondoki peke yake.

Je, ni haki kumwekea kurabu sumu?

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja pwani ya Kenya kufikia mwisho wa mwaka huo. Milioni moja. Mitandaoni watu waligawanyika. Kuna waliosema afadhali, maana hoteli na wafugaji wa kuku wamechoka. Kuna waliouliza: ndege amefanya kosa gani? Si sisi tuliomleta?

Wote wana hoja. Kurabu hana hatia kama ambavyo panya wa Marion hana hatia. Anafanya anachojua. Ukimtazama vizuri hata utampenda: ana akili, anakumbuka sura, analea watoto wake kwa bidii. Na sumu si mchezo. Lazima itumiwe na waliofunzwa, kwenye chambo kinachoangaliwa, ili isimfikie kunguru wetu mwenyeji, yule mwenye kifua na ukosi mweupe kama aliyevaa fulana. Huyo si mwizi wa kigeni, wala asichanganywe na kurabu.

Lakini kutofanya kitu pia ni uamuzi, nao una maiti zake, ila hizo haziposti mtu. Yai lililonyonywa kwenye mwamba wa Watamu halina picha. Kinda wa ndege mdogo aliyetolewa kwenye kiota mwembeni hana hashitegi. Ukisema "tuwaache tu", umechagua nani afe. Umechagua yule asiyeonekana.

Msimamo wangu ni huu: kuua ni dawa ya mwisho, na mara nyingine tumeichelewesha mpaka imebaki hiyo tu. Nikilazimika kuchagua, nitaunga mkono kupunguzwa kwa kurabu kwa njia yenye uangalizi. Ila nitakataa tukijidanganya kwamba sumu peke yake inatosha. Kurabu hatoki hewani. Anatoka kwenye jaa. Ua elfu leo, acha takataka zikiwa wazi, na kesho watalelewa elfu wengine kwa gharama yetu. Isitoshe, kuna hofu kwamba anaifuata barabara ya Mombasa kuja bara, mji hadi mji, jaa hadi jaa.

Kinachofaa zaidi ni kinga. Kisiwa cha Cousin kule Ushelisheli kilikuwa shamba la minazi, kikanunuliwa mwaka 1968 kwa ajili ya kuhifadhi ndege. Panya hawajawahi kukikalia. Ukienda kukitembelea leo, mashua yako haigusi ufuo. Unasimama majini, mashua ya kisiwa inakuja kukuchukua, unahamia humo, ndiyo inakupeleka nchi kavu. Hakuna sumu wala bunduki. Ni sheria moja tu ya mashua, na maelfu kwa maelfu ya ndege wanataga kwa amani. Ni rahisi kumzuia panya mmoja kupanda kisiwani kuliko kuwaondoa panya elfu waliokwisha zaliana huko. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wewe unaingiaje hapa?

Najua wengi wenu mkimaliza ushago mnashuka pwani. Diani, Watamu, Lamu, Wasini. Safi sana, mfurahie. Lakini beba haya mkobani.

Usiache chakula ufuoni. Viazi vilivyobaki, mifupa ya kuku, ngozi ya maembe: kila kipande ni mshahara wa kurabu na panya. Funga mfuko, urudi nao.

Mkienda na mashua mpaka kisiwa kidogo katikati ya mwaka na mkaona ndege weupe wengi wametua, msishuke, hata kama nahodha anasema hakuna shida. Kundi zima likiruka kwa sababu ya picha yako, mayai yanabaki wazi kwenye jua kali na kwenye macho ya kurabu na shakwe. Dakika kumi za picha zinaweza kugharimu msimu mzima. Piga picha ukiwa mbali. Simu yako ina zumu, itumie.

Usimpeleke paka au mbwa kisiwani, hata awe mpole vipi. Upole wake ni kwako tu.

Mtu akikuuzia au akikupa yai la ndege wa bahari uonje, kataa kwa adabu. Hata sisi ni wawindaji, tena wenye mashua.

Na ukikaa Nairobi na ukamwona kunguru wa shingo ya kijivu, asiye na kifua cheupe, usimpite kama hujaona kitu. Piga picha, andika mahali na tarehe, uwaarifu KWS au Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wataalamu hawawezi kuwa kila mtaa. Wewe uko.

Turudi uani

Jioni Nyamache hushuka na baridi. Utamwona nyanya akizunguka uwanja kabla giza halijaingia. Haendi kumwinda mwewe. Sidhani hata anamchukia, ingawa matusi anamtupia. Anakusanya vifaranga mmoja mmoja, anawahesabu, anawafunika kwa tenga, anaweka jiwe juu. Kesho mwewe atakuja tena, na watakutana kama wanavyokutana siku zote.

Buabua wa Kisite hana nyanya. Tenga lake lilikuwa bahari, na sisi ndio tuliolifunua, kwa meli zetu, magunia yetu na paka wetu watano. Kulirudisha kunawezekana: paka waliondoka Marion, na Cousin haina panya mpaka leo. Ila kunahitaji watu wanaofanya kama yule bibi kizee na jiwe lake, wanaohesabu kabla ya giza.

Ukimwona leo jioni akihesabu, msaidie. Kisha muulize kwa nini huweka jiwe hata siku ambayo mwewe hakuonekana.